Mwacheni Mzazi Ambebe Mwanawe: Majibu kwa Yanayosemwa Kuhusu Usingizi wa Mtoto Mchanga

Mwanamke akishajifungua, nyumba hujaa washauri. Mama mkwe ana lake, wifi ana lake, jirani aliyeleta bakuli la mtori ana lake, na simu iliyo mkononi mwa mzazi ina yake mia. Swali lao la kwanza ni moja: analala? Mzazi akijibu kuwa halali, maelekezo humiminika. Mengi hutolewa kwa mapenzi, na baadhi yana hekima kubwa ndani yake. Lakini mengine humbebesha mama hatia asiyostahili, na machache yanaweza kumuua mtoto. Nayajibu hapa, nikianza na lile linalosemwa kuliko yote.

"Usimzoeze mkono, atadeka."

Neno hili limewaliza wazazi wengi. Mtoto wa wiki tatu amenyonya, amesinzia kifuani, mama anamlaza kitandani, na mara hiyo hiyo kilio kinaanza. Akichukuliwa, ananyamaza. Aliyeketi pembeni anahitimisha kwamba mtoto ameshamjulia mama yake.

Hebu mtazameni vizuri wakati analazwa. Kichwa na mgongo vinapokosa egemeo, mikono yake hurushwa pembeni, vidole hutanuka, kisha mikono hurudi kifuani kana kwamba inatafuta pa kushika. Uso hukunjamana, ndipo sauti inatoka. Mshtuko huo ulielezwa mwaka 1918 na daktari wa watoto Ernst Moro, aliyefanya kazi Heidelberg, Ujerumani, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kila mtoto aliye mzima huzaliwa nao, na hupotea akiwa na miezi kama 4 hadi 6. Wakunga na madaktari huutafuta makusudi mtoto anapozaliwa, kwa sababu usipokuwepo kuna shaka juu ya neva zake. Kwa hiyo jambo lile lile lililomfurahisha mkunga siku ya kwanza, nyumbani tunaliita kudeka.

Mtoto anapozaliwa, macho yake ndiyo yaliyochelewa kukomaa. Ngozi, pua, masikio na kile kiungo cha mizani kilichomo ndani ya sikio vilianza kazi tumboni. Amekaa miezi akiyumbishwa na hatua za mama yake, akisikia mwendo wa damu na sauti ya mama ikipita mwilini, katika joto lisilobadilika na mahali panapombana pande zote. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kuwa watoto ambao hawajafikisha hata siku 3 hubadili mwendo wa kunyonya chuchu ya bandia ili wasikie sauti ya mama zao badala ya ya mwanamke mwingine. Mtoto huyo ndiye tunayemtarajia alale peke yake, pasipo mwendo, pasipo harufu anayoijua, juu ya shuka baridi. Akikataa, hajaonyesha tabia mbaya. Mwili wake umesema kwamba vitu vyote vilivyokuwa vikimtuliza vimeondolewa kwa pamoja.

Je, kumbeba kunamwongezea kilio? Swali hilo lilipimwa Montreal, Kanada, na Urs Hunziker na Ronald Barr, wakachapisha matokeo mwaka 1986. Waliwaomba nusu ya akina mama wawabebe watoto wao angalau saa 3 kwa siku, hata kama hawalii. Watoto walipofikisha wiki 6, umri ambao kilio cha watoto hufika kileleni, waliobebwa zaidi walilia kwa muda uliopungua kwa asilimia 43 kuliko wenzao, na kati ya saa 10 jioni na saa 6 usiku kwa asilimia 51. Barr baadaye alijaribu kutumia njia hiyo kama tiba kwa watoto ambao tayari walikuwa na kile tunachokiita mchango, haikusaidia. Kubeba si dawa ya kila kilio, na asiwepo wa kumlaumu mama ambaye mwanawe analia hata akiwa mgongoni. Lakini dai kwamba mbeleko huzaa mtoto mliaji limepimwa, na limeanguka.

Japani, Kumi Kuroda na wenzake wa taasisi ya RIKEN waliendelea na swali hilo kwa kupima mapigo ya moyo. Mwaka 2013 walionyesha kuwa mtoto aliyebebwa na mama anayetembea hutulia zaidi, na moyo wake hupunguza kasi papo hapo, kuliko aliyebebwa na mama aliyekaa. Mwaka 2022 wakaja na jambo ambalo kila mlezi anaweza kulijaribu leo: tembea na mtoto anayelia kwa dakika 5 bila kusimama simama, kisha, akishasinzia, kaa naye dakika 5 hadi 8 ndipo umlaze. Waligundua kwamba moyo wa mtoto huanza kwenda mbio pale anapoachanishwa na mwili wa mlezi, kabla hata hajagusa kitanda. Akipewa dakika hizo chache, usingizi huwa umeshika na anavumilia kuwekwa chini. Bibi zetu walitembea na watoto uani na mbeleko mgongoni, halafu wakakaa kwenye jamvi kidogo kabla ya kuwashusha. Hawakuwa na mashine ya kupima moyo, lakini walikuwa na macho.

Na kuhusu kudeka kwenyewe, ushahidi mmojawapo wa zamani ulikusanywa hapa hapa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 na kuwatembelea nyumbani akina mama 26 wa vijiji vya jirani, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Aliona watoto wanaobebwa mchana kutwa na kunyonyeshwa wanapotaka. Walipoanza kutambaa hawakung'ang'ania mapaja. Walitoka, wakachunguza vitu, wakageuka kumwangalia mama, wakaendelea na safari yao. Mtoto aliyeshiba kubebwa hushuka mwenyewe.

Aliyezaliwa kabla ya wakati anahitaji zaidi ya hapo. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2021, uliofanyika India, Ghana, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwaweka watoto wenye uzito mdogo kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tangu mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri hali itengemae. Vifo ndani ya siku 28 vilipungua kwa asilimia 25. Mguso wa ngozi uliokoa maisha, halafu kuna mtu anathubutu kuuita tabia mbaya.

"Mtoto mzuri hulala usiku kucha."

Watoto wachanga hulala sana, ila hawalali kwa mkupuo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 14 hadi 17 kwa siku kwa aliye chini ya miezi 4, na saa 12 hadi 16 kwa wa miezi 4 hadi 11, usingizi wa mchana ukiwemo. Lakini mzunguko mmoja wa usingizi wa mchanga ni kama dakika 50 hadi 60 tu, na karibu nusu yake ni usingizi mwepesi, ule wa macho kuchezacheza chini ya kope, midomo kutabasamu, miguu kutikisika. Wengi humnyanyua mtoto hapo wakidhani ameamka, kumbe analala. Subiri kidogo kabla ya kumgusa, mara nyingi atarudi mwenyewe.

Saa ya mwili inayotenganisha usiku na mchana bado haijafungwa kwake. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kuwa giza limeingia, huanza kufuata mpangilio akiwa na miezi kama 3. Kabla ya hapo anapata kiasi fulani kupitia maziwa ya mama, ambayo ya usiku huwa nayo na ya mchana karibu hayana. Fikirieni sasa likizo ya uzazi ya Tanzania, siku 84. Mama anarudi kazini katika wiki zile zile ambazo saa ya mwanawe ndiyo kwanza inaanza kutembea, halafu anaulizwa kwa nini ana usingizi machoni.

Sara Harkness na Charles Super waliishi miaka ya 1970 na Wakipsigis wa Kenya, katika kijiji walichokiita Kokwet. Watoto wa pale walilala na mama zao, wakanyonya usiku kila walipotaka, wakabebwa mchana na dada zao. Wakiwa na miezi 4, usingizi wao mrefu kuliko wote ulikuwa kama saa 4 na nusu, wakati watoto wa Marekani wa umri huo walifikia saa 8. Watoto wa Kokwet hawakuwa na kasoro. Hakuna aliyewahitaji walale saa 8, kwa kuwa ratiba ya nyumba haikuwadai hivyo. Hata huko kwenye ratiba ngumu hali si kama inavyotangazwa: utafiti wa Kanada wa mwaka 2018 uliofuatilia watoto 388 ulikuta asilimia 38 ya wenye miezi 6 hawalali saa 6 mfululizo, na wenye miezi 12 ni asilimia 28. Watafiti hawakuona tofauti ya akili wala ya viungo kati yao na wanaolala.

Kinachosaidia saa hiyo ya mwili ni mwanga. Yvonne Harrison wa Uingereza alionyesha mwaka 2004 kuwa watoto wa wiki 6 hadi 12 waliolala vizuri usiku walikuwa wamepata mwanga mwingi zaidi mchana, hasa baada ya adhuhuri. Huku kwetu mzazi mara nyingi hukaa ndani hadi arobaini, mapazia yakiwa yameshushwa. Hakuna haja ya kuvunja desturi. Fungueni dirisha mchana, mtoto alale kwenye mwanga na maongezi ya nyumba. Usiku taa iwe hafifu, abadilishwe nguo kimya kimya, na simu isimwangaze usoni.

"Mwache alie apanue mapafu."

Mapafu hupanuka kwa pumzi za mwanzo baada ya kuzaliwa. Vilio vya mwezi wa pili haviyaongezei chochote. Lakini haki itendeke upande wa pili pia. Mtoto aliyepita miezi 6 ni mwingine. Wazazi waliochoka wakimfundisha taratibu kusinzia mwenyewe, wakirudi kumtuliza kwa vipindi, hawamharibu. Watafiti wa Australia waliwafuatilia watoto wa namna hiyo hadi wakiwa na miaka 6, hawakukuta madhara wala faida ya kudumu. Nisichokubali ni kumfanyia hivyo mtoto wa mwezi mmoja kwa jina la kumkomaza.

"Mpe uji kidogo alale", na ndugu yake, "mpe dawa kidogo alale."

Uji kwanza. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ndiyo yanayomtosha. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walijaribu kuwapa watoto wa wiki chache hadi miezi 4 unga wa nafaka kwenye chupa kabla ya kulala, hawakulala zaidi ya wasiopewa. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2018 ulipata faida kwa walioanza chakula mapema, nami siifichi: ilikuwa kama dakika 17 kwa usiku. Dakika 17 si sababu ya kumwekea mtoto wa miezi 2 uji uliochanganywa na maji ambayo hatuna hakika yamechemshwa vya kutosha. Kuhara kutamnyima usingizi kuliko njaa.

Dawa ndiyo inayonitisha. Kuna nyumba ambazo Piriton imegeuka dawa ya usingizi wa mtoto, kijiko kimoja jioni, dada wa kazi naye apumzike. Dawa hiyo ni ya mzio. Kusinziza ni athari yake ya pembeni, na kwa mchanga kipimo kikizidi kidogo tu kinaweza kuzorotesha pumzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2008 kwamba dawa za dukani za mafua na kikohozi zisitumike kwa watoto walio chini ya miaka 2. Sifa ya zile dawa tamu za tumbo nayo ina historia yake: Woodward's Gripe Water, iliyoanzia Nottingham mwaka 1851, kwa zaidi ya karne moja ilikuwa na pombe ndani. Haishangazi kwamba watoto walinyamaza. Kama kuna chupa ya dawa jikoni ambayo hutumika "kumtuliza", imwageni leo.

"Mlaze kifudifudi ndipo atalala vizuri."

Ni kweli atalala fofofo, na hapo ndipo penye hatari. Anayelala kifudifudi huamka kwa shida zaidi, na uwezo wa kuamka ndio unaomwokoa hewa inapopungua puani. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994. Vifo vya ghafla usingizini vilishuka Marekani kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Wengi husema akilala chali atapaliwa akicheua. Akiwa chali njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda ndipo yaingie kwenye pumzi. Akiwa kifudifudi mpangilio huo hugeuka.

Hatari nyingine tunamvalisha mtoto wenyewe. Nendeni kliniki yoyote ya Dar es Salaam mwezi wa Februari, mtazame benchi la akina mama. Mtoto ana fulana, sweta la sufu, kofia, soksi, kisha khanga, kisha blanketi la manyoya, na paji la uso limelowa jasho. Anahangaika, analia, mama anaongeza kumfunika. Mchanga hawezi kujipooza kama mtu mzima, na joto kali limehusishwa na vile vifo vya ghafla. Pitisha mkono shingoni nyuma au kifuani. Pakiwa pa moto na jasho, vua nguo moja. Ndani ya nyumba kofia haihitajiki. Viganja na nyayo zikiwa baridi kidogo, msishtuke.

Kuhusu kulala na mtoto kitanda kimoja, nyumba nyingi zina kitanda kimoja na chandarua kimoja, na kumwambia mama asilale naye ni kumwambia akanunue asichoweza. Basi godoro liwe gumu, mito na mablanketi yawe mbali na uso wake, asilale karibu na aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa za usingizi, na kamwe mtu asisinzie naye kwenye kochi. Kochi ni baya kuliko kitanda chochote.

"Nyumba iwe kimya kabisa."

Tumboni hapakuwa kimya. Mwaka 1990 madaktari wa London waliwachezea wachanga 20 mvumo usiobadilika, 16 wakasinzia ndani ya dakika 5. Kati ya wengine 20 wasiochezewa, walisinzia 5 tu. Redio ya chini, feni, mvua juu ya mabati, vyote vinafaa. Lakini programu na mashine za mvumo zisiwekwe sikioni: watafiti wa Toronto walipima mashine 14 mwaka 2014, wakakuta 3 zikifunguliwa mwisho zinapita desibeli 85 kwa umbali wa sentimita 30, kiwango ambacho mfanyakazi wa kiwandani huzibiwa masikio. Iwe mbali, iwe chini, izimwe akishalala.

Sasa limeingia dai jipya, linalokuja na bei. Mama anaambiwa kuwa mtoto asiyelala ana "tatizo la hisia", anunue blanketi zito au mfuko wenye shanga za uzito. Elimu ya hisia ina msingi. A. Jean Ayres wa California aliianzisha kwa kazi ya miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 1972 bado kinasomwa na wataalamu wa tiba kwa vitendo. Watoto hutofautiana kweli: mmoja hutulizwa kwa kukumbatiwa sana, mwingine hukereka, mmoja hulala katikati ya arusi, mwingine huamshwa na bawaba ya mlango. Mlezi anayelijua hilo kuhusu mwanawe amepata nusu ya kazi. Ila kutoka hapo hadi ugonjwa ni mbali sana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2012 kwamba tatizo hilo la hisia lisitajwe kuwa ugonjwa unaojitegemea, na mwaka 2022 kikakataza vitu vyote vyenye uzito juu au karibu na mtoto anayelala, kwa kuwa kifua chake ni laini na nguvu za kujinasua hana. Uzito anaouhitaji ni mkono wa mtu aliye macho.

Limebaki moja, na linasemwa kwa sauti ya pongezi: "Una bahati, mtoto wako analala tu, hasumbui." Mchanga wa siku chache hapaswi kulala hivyo. Anapaswa kuamka kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Asiyeamka kunyonya, anayenyonya kidogo na kulegea, anayepumua haraka, mwenye homa au mwili wa baridi, au ambaye ngozi ya viganja na nyayo imegeuka njano, ni mgonjwa, hata kama amelala kwa utulivu ambao kila mtu anausifu. Mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo, msingoje kupambazuke.